Noti Imefika Tofauti na Picha ya Mnada: Kutafuta Chanzo cha Kasoro

Mnunuzi wa noti za kukusanya anayeshiriki mnada wa mtandaoni hulipia hali ya karatasi ambayo hajaigusa. Anaonyeshwa picha mbili, ya mbele na ya nyuma, pamoja na herufi chache za daraja la ubora, na wiki kadhaa baadaye anafungua bahasha na kukuta noti isiyolingana na maelezo yale. Mwongozo huu unachukua dalili zinazojitokeza mara nyingi, unaeleza vyanzo vinavyoweza kuzileta, na unaonyesha namna ya kutenganisha chanzo kimoja na kingine kabla ya kumlaumu mtu yeyote. Mifano yake ni ya noti za Afrika Mashariki: zile za utawala wa Wajerumani, za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1919, na za Benki Kuu zetu zilizoanza kutoa noti mwaka 1966.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache. Taa moja inayoweza kusogezwa, rula ya milimita, lenzi ya kukuza na tochi ndogo ya mwanga wa urujuanimno (UV) vinatosha kwa karibu kila jambo litakaloelezwa hapa. Mikono iwe safi na mikavu, na noti ishikwe kwenye kingo zake. Picha za bahasha, za kifungashio na za noti yenyewe zipigwe kabla ya kuanza uchunguzi, kwa kuwa baadaye haitawezekana kuthibitisha noti ilikuwaje ilipofika.

Ni lazima pia mnunuzi na muuzaji wawe wanazungumzia kipimo kimoja. Chama cha kimataifa cha wakusanyaji wa noti, International Bank Note Society, kilichoanzishwa mwaka 1961, kimeweka ngazi ambazo wauzaji wengi hudai kuzifuata. UNC ni noti ambayo haijatumika wala kushikwa ovyo, na pembe zake nne bado ni kali. AU inaruhusiwa kuwa na mkunjo mmoja mwepesi katikati, au alama za kuhesabiwa benki kwenye pembe, lakini si vyote viwili kwa pamoja. EF huweza kuwa na mikunjo myepesi isiyozidi mitatu au mkunjo mmoja mkali, na VF ina mikunjo kadhaa ya wima na ya mlalo huku karatasi ikiwa bado na ukakamavu wake. Chini ya hapo kuna F na VG, ambamo karatasi hulegea, pembe huviringika na kingo huanza kuchanika. Kampuni za kuthibitisha madaraja, kama PMG ya Marekani, hutumia namba kutoka 1 hadi 70, na noti yenye 60 au zaidi huhesabiwa kuwa haijatumika.

Tofauti kati ya mkunjo mwepesi na mkunjo mkali ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya bei. Katika mkunjo mwepesi karatasi imeinama tu na uso wake haujavunjika. Katika mkunjo mkali nyuzi za karatasi zimevunjika, na chini ya lenzi huonekana mstari mwembamba ambao wino umebanduka.

Mkunjo wa katikati ambao picha haikuuonyesha

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na mara nyingi chanzo chake ni skana. Kioo na kifuniko cha skana huibana noti ikalala bapa, na mwanga wake humulika uso mzima bila kuacha kivuli, ilhali mkunjo huonekana kwa kivuli chake tu. Noti ya EF iliyobanwa kwenye skana inaweza kuonekana mpya kabisa. Chanzo cha pili ni mfuko wa plastiki: noti ikipigwa picha ikiwa ndani yake, mng'ao wa plastiki hufunika eneo lile lile ambalo mnunuzi angetaka kulikagua. Chanzo cha tatu ni safari yenyewe, yaani bahasha imepindwa njiani.

Ili kujua ni kipi kati ya hivyo, toa noti kwenye mfuko, punguza mwanga wa chumba, na iweke taa ubavuni mwa noti, karibu usawa wa meza, kisha izungushe noti polepole ili mwanga uipige kutoka kila upande. Baada ya hapo iinue hadi usawa wa jicho na uitazame kwa mshazari kuelekea kwenye taa. Mkunjo uliotokana na matumizi hukaa katikati kabisa au kwenye robo, kwa sababu watu hukunja fedha kwa mazoea; ndani yake huwa na vumbi lililokaa muda mrefu, na pale unapofikia ukingo wa noti huacha mchubuko mdogo. Mkunjo wa safarini huenda upande wowote, ni safi chini ya lenzi, na mara nyingi hulingana na alama ya mpindo iliyoko kwenye bahasha au kwenye kadi ya kifungashio. Kwa hiyo bahasha isitupwe.

Usichanganye mikunjo hiyo na alama za kuhesabiwa, ambazo ni mipindo mifupi ya mshazari karibu na pembe moja, iliyoachwa na vidole vya karani. Muuzaji anayeiita UNC noti yenye alama hizo amekosea daraja hata kama noti haijawahi kutoka benki. Kwa maoni yangu, hata hivyo, kosa hili halipaswi kuchukuliwa kuwa udanganyifu mpaka muuzaji apelekewe picha ya mwanga wa ubavuni. Wengi wao hawajawahi kuitazama noti kwa namna hiyo.

Kinga iko kabla ya kuweka dau. Omba picha moja iliyopigwa kwa taa ya ubavuni na nyingine iliyopigwa noti ikiwa imeinuliwa mbele ya mwanga. Ya pili huonyesha matundu, sehemu zilizopungua unene, viraka, na pia picha iliyofichwa ndani ya karatasi: kifaru kwenye toleo la Bodi ya Sarafu la mwaka 1964 lenye jahazi, twiga kwenye noti za kwanza za Tanzania za mwaka 1966, simba kwenye zile za Kenya za mwaka huo huo. Muuzaji akikataa kutoa picha hizo, weka dau kana kwamba noti iko daraja moja au mawili chini ya ile iliyotangazwa.

Karatasi ni nyeupe kupita umri wake, au imelegea ingawa inaonekana safi

Dalili hii inastahili uangalifu mkubwa kuliko nyingine zote, kwa kuwa hapa noti imeharibiwa na mtu aliyedhani anaipendezesha. Karatasi ya noti hutengenezwa kwa nyuzi za pamba na kupewa wanga au gundi nyepesi inayoifanya iwe kakamavu na itoe mlio inapotikiswa. Noti ikioshwa, wanga ule huondoka, na karatasi hubaki kama kanga iliyokwisha kufuliwa: rangi zipo, lakini ukakamavu umekwenda. Mnunuzi hukuta noti yenye mikunjo mingi ya VF au F lakini isiyo na uchafu unaolingana na mikunjo hiyo. Kutolingana huko ndiko ushahidi wa kwanza. Noti iliyopita mikononi mwa watu kiasi cha kukunjwa mara nane haiwezi kubaki nyeupe hivyo yenyewe.

Ushahidi wa pili hutoka kwenye tochi ya urujuanimno. Karatasi ya noti za zamani haina kemikali za kung'arisha, na chini ya mwanga huo hubaki hafifu, haing'ai. Sabuni za unga za kisasa zina kemikali hizo, na matumizi yake yalienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hivyo noti ya Bodi ya Sarafu ya mwaka 1921 inayowaka rangi ya buluu nyeupe gizani ama imeoshwa kwa sabuni, ama imetiwa kiraka cha karatasi ya kisasa, ama si noti halisi. Ikiwaka yote kwa usawa, shuku kuoshwa au kughushiwa. Ikiwaka sehemu moja yenye mpaka ulio wazi, shuku kiraka au gundi. Jaribio hili lifanywe noti ikiwa nje ya plastiki, kwa sababu baadhi ya plastiki huwaka zenyewe, na lisitumiwe bila kufikiri kwa noti za miongo ya karibuni, ambazo huwekewa wino unaowaka kwa makusudi ya usalama.

Kufifia kwa jua huleta dalili inayofanana na ya dawa ya kupausha karatasi, lakini vyanzo hivi viwili hutenganishwa kwa kugeuza noti. Jua hufifisha upande mmoja tu, ule uliokuwa ukitazama dirisha, na mara nyingi huacha ukanda wenye rangi kamili pale fremu ilipoufunika. Dawa hupausha pande zote mbili, na mara nyingi namba za noti ndizo zinazopoteza rangi kwanza au kutawanya wino.

Kupigwa pasi ni tatizo jingine linaloandamana na hili. Noti iliyokunjwa hulowanishwa kidogo, hubanwa au hupigwa pasi, na mikunjo hulala. Katika picha ya mnada hupendeza sana. Ukiishika utaona kwamba uso umekuwa bapa na wenye mng'ao usio wa kawaida, na kwamba wino uliopaswa kupapaswa kwa kidole, kama vile wa picha ya kiongozi, hauna tena mwinuko. Geuza upande wa nyuma pia: kwenye noti nyingi zilizochapwa na viwanda vikubwa, namba huacha kiinuko kidogo kinachoonekana upande wa pili, na pasi hukifuta. Ukiiinua mbele ya mwanga, mstari wa mkunjo wa zamani bado unaonekana, maana nyuzi zilizovunjika hazirudi. Mkunjo uliolazimishwa kulala huweza pia kujitokeza tena noti ikikaa kwenye hewa yenye unyevu, na ndiyo maana mtu wa Tanga au Mombasa anaweza kuona mikunjo kwenye noti ambayo muuzaji wa Ulaya anaapa kuwa haikuwa nayo. Katika hali hiyo muuzaji anaweza kuwa anasema kweli, na aliyeipiga pasi ni mmiliki wa kabla yake.

Noti iliyooshwa au kupigwa pasi hairudishiki katika hali yake. Kuitia wanga upya, kama wengine wanavyofanya, huongeza kasoro ya tatu. Ikiwa maelezo ya mnada hayakutaja lolote kati ya hayo, hii ni sababu halali ya kudai kurudishiwa fedha, hata kama daraja lililoandikwa ni la chini.

Pembe ni kali lakini mwili umechakaa

Pembe na mwili huzeeka pamoja. Noti yenye mikunjo mingi na pembe kali kama mpya imekatwa kingo ili kuondoa michaniko na mviringo. Pima urefu na upana katika sehemu tatu kila upande, kisha linganisha na noti nyingine ya toleo hilo hilo au na vipimo vya katalogi. Tazama pia kama pambizo zinalingana. Pambizo moja nyembamba yaweza kutokana na ukataji wa kiwandani, lakini hapo vipimo vya jumla havitapungua. Noti iliyopungua milimita mbili na yenye ukingo mweupe, usio na uchafu ulioko kwenye kingo nyingine, imekatwa baadaye.

Kanuni hii, pamoja na ile ya wino ulioinuka, haitumiki kwa noti za dharura za Afrika Mashariki ya Kijerumani, na ni vizuri kulieleza jambo hili kwa kirefu kwa kuwa noti hizo huuzwa sana mtandaoni na huhukumiwa vibaya na pande zote mbili. Kabla ya vita, Deutsch-Ostafrikanische Bank ilitoa noti za rupia za mwaka 1905 zilizochapwa Leipzig na kampuni ya Giesecke & Devrient. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza na bahari ikafungwa, noti hazikuweza kuletwa tena kutoka Ujerumani, na kuanzia mwaka 1915 benki ikachapisha noti zake humu humu nchini, Dar es Salaam na kisha Tabora, kwa mitambo ya kawaida na kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Baadhi ni karatasi nene ya kahawia, nyingine nyembamba na ngumu. Za mwisho, za mwaka 1917, zilipigwa kwa mihuri ya mpira porini huku jeshi likirudi nyuma.

Kwa hiyo ukingo usionyooka, wino usiopapasika, pambizo zisizolingana na karatasi yenye nyuzi zinazoonekana si kasoro za hali kwenye noti hizi, wala si dalili za kukatwa au kupigwa pasi. Hivyo ndivyo zilivyotoka kwa mchapaji. Daraja lake lihukumiwe kwa mikunjo, michaniko, madoa na upungufu wa karatasi peke yake. Nimeona noti nzuri za aina hii zikirudishwa na wanunuzi kwa hoja ambazo zingefaa noti ya Leipzig, na pia nimeona wauzaji wakitumia neno «dharura» kufunika michaniko ya kweli. Lenzi hutatua ubishi huo. Mchaniko una nyuzi zilizovutika na kusimama, ilhali ukingo uliokatwa vibaya na mchapaji una nyuzi zilizokatwa na kulala. Jaribio la urujuanimno linabaki na nguvu yake hapa pia, maana karatasi ya mwaka 1916, hata ikiwa mbaya namna gani, haina kemikali ya kung'arisha.

Matundu madogo na kutu

Inua noti mbele ya taa, uso wa noti ukiwa karibu na balbu. Matundu mawili yaliyokaribiana na kulingana ni ya pini au waya wa stepla, na kama kuna duara la kahawia kuyazunguka, chuma kilikaa muda mrefu na kushika kutu. Doa refu la kahawia karibu na ukingo, bila tundu, ni la klipu. Tundu lililo katikati kabisa, pale mikunjo ya wima na ya mlalo inapokutana, limetokana na kukunjwa kupita kiasi, na noti yenye tundu hilo haiwezi kuitwa F. Matundu yenye kingo za mviringo zisizo sawa, hasa yakifuatana kama njia, ni ya wadudu wanaokula karatasi. Hayo ya wadudu ndiyo pekee yanayotaka hatua ya haraka: tenga noti hiyo na mkusanyo wako mara moja, na ukague kifungashio chake chote.

Picha ya skana huficha matundu yote haya kwa sababu kifuniko cheupe kilicho nyuma hujaza nafasi. Kifuniko cheusi, au karatasi nyeusi iliyowekwa nyuma ya noti, huyafichua, na ombi hilo muuzaji hawezi kulikataa kwa sababu ya maana.

Madoa, harufu na mnato

Madoadoa ya kahawia yaliyotawanyika pamoja na harufu ya uvundo ni kuvu, na kwenye mwambao wetu kuvu haihitaji muda mrefu. Ikiwa noti ilikuwa safi pichani na imefika na madoa, tazama tarehe ya picha, maana noti iliyohifadhiwa ghalani mwaka mzima baada ya kupigwa picha si ile ile tena. Uso wenye mnato au mafuta, bila doa la wazi, kwa kawaida umetokana na mifuko ya plastiki laini ya PVC, ambayo hutoa kemikali kadiri inavyozeeka. Ihamishie kwenye mfuko wa poliesta, aina ya Mylar, bila kuifuta.

Mabaki ya gundi yenye rangi ya manjano ni ya selotepu au ya albamu. Selotepu ikiwa bado ipo, iache hapo hapo. Kuibandua huondoka na tabaka la juu la karatasi, na noti yenye selotepu ina thamani kuliko noti iliyopungua unene. Rangi iliyotofautiana na ile ya picha, ikiwa ndiyo dalili pekee, isikusumbue: skana nyingi huongeza ung'avu zenyewe.

Noti imo kwenye kasha la kampuni lakini kasoro inaonekana

Kampuni za kuthibitisha madaraja huifunga noti ndani ya kasha la plastiki lenye lebo ya daraja. Soma upande wa nyuma wa lebo hiyo kabla ya jambo lolote. Maneno kuhusu matundu ya pini, matengenezo, kutu au kuoshwa huandikwa huko, na wauzaji wengi hupiga picha ya mbele tu. PMG huongeza herufi EPQ kwa noti ambayo karatasi yake haijachezewa, na noti haiwezi kupata 65 au zaidi bila herufi hizo. Noti yenye 58 pamoja na EPQ inaweza kuwa chaguo bora kuliko yenye 63 isiyo nazo, na mimi binafsi ningechagua ya kwanza. Ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni na ulinganishe namba ya noti, toleo na picha kama ipo. Zisipolingana, au ukingo wa kasha ukionyesha kufunguliwa na kubandikwa tena, usiendelee na uchunguzi wa hali, kwa kuwa tatizo limekwisha kuwa la uhalisi. Vyovyote iwavyo usilifungue kasha. Minada mingi haipokei noti iliyotolewa humo, na kampuni haiwezi kusimamia daraja la noti ambayo haimo tena kwenye kasha lake.

Kuandika dai

Soma masharti ya mnada kwanza, hasa muda wa kurudisha na kama noti zenye kasha zimeondolewa kwenye haki hiyo, jambo ambalo ni la kawaida. Dai liandikwe kwa kutaja kasoro moja moja, mahali ilipo kwa milimita kutoka ukingo, na picha inayoionyesha, kisha linganisha na maneno ya tangazo. «Mkunjo mkali wa wima katikati, wino umebanduka, picha namba 3, tangazo linasema UNC» ni sentensi ambayo muuzaji anaweza kuihakikisha. Kusema kwamba noti hairidhishi hakumpi cha kuhakikisha. Ambatanisha picha za bahasha ikiwa unadai uharibifu wa safarini, kwani hapo anayewajibika anaweza kuwa msafirishaji au bima. Ukiona ni afadhali kubaki na noti kwa bei iliyopunguzwa, taja bei za noti za daraja halisi zilizouzwa katika minada iliyopita, na usiisafishe wala kuibana mpaka makubaliano yaandikwe, kwa kuwa noti iliyoguswa hairudishwi.